Sikinde Ilipita Ukumbini, Albamu Je?

Hoja iliyo mezani ni fupi: mwimbaji anayetunga nyimbo zake mwenyewe akiamua kubadili mkondo, je, msikilizaji ana haki ya kununa?

Albamu inayouwasha ugomvi ni A Boy from Tandale ya Diamond Platnumz, iliyozinduliwa Nairobi tarehe 14 Machi 2018. Miaka imepita, najua, na tangu hapo mwenyewe ameshaonja hadi amapiano. Lakini ukitaka kuwagombanisha watu kuhusu muziki, ile bado inafaa kuliko zote, na watu wa kuwagombanisha ni wa Pwani. Kibaha na Kisarawe zimekaa mgongoni mwa Dar es Salaam. Ngoma za huku zilikwenda mjini kwa miguu zikarudi kwa redio, zimevaa magitaa na tarumbeta, na wenyewe wakazipokea kama wageni.

Wasemaji wangu wanne ni wa kubuni. Hoja zao si za kubuni. Dijei ni kijana wa Maili Moja, anapiga muziki kwenye harusi na vigodoro. Mwalimu ni mstaafu anayekaa Tumbi, Mnyamwezi wa Tabora. Mama Mkubwa ni Mzaramo wa Masaki, Kisarawe. Mwanakwaya katokea Maneromango, anaimba sauti ya pili na hapendi kukatizwa. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kujizuia.

DIJEI: Shikamooni wazee wangu. Mimi nanuna, na sioni aibu. Jina la albamu linasema Tandale, mtaa aliokulia. Ukiifungua, mlangoni unapokewa na Ne-Yo, Rick Ross na Omarion. Yule tuliyempenda sisi ni wa Kamwambie na Mbagala, kijana anayeachwa kwa sababu hana hela, analia kwa Kiswahili, na kila mmoja wetu anajua analia nini. Huyu wa 2018 anaimba kwa watu ambao Tandale hawawezi kuionyesha kwenye ramani.

MAMA MKUBWA: Marahaba mwanangu. Kwani wewe ulitaka alie mpaka lini? Mtu ameshapata, alie uongo?

DIJEI: Asilie, Mama Mkubwa. Afurahi, lakini afurahi na sisi.

MWALIMU: Iyena ni ya nani, kijana? Na Sikomi? Si zimo humo humo? Iyena umeipiga kwenye harusi ngapi wewe?

DIJEI: Hiyo nakubali, Mwalimu. Ukiipiga, mabibi wanainuka wenyewe.

MWALIMU: Basi umekariri majina ya wageni ukasahau nyimbo. Hilo la kwanza. La pili, mnasema "kubadili mkondo" kama vile kuna mkondo mmoja ambao Mungu aliuchimba. Nikupeleke 1978. Mwaka huo Muhidin Maalim Gurumo, mtu wa Masaki, kijiji cha huyu mtani wangu hapa, aliacha bendi aliyokuwa nayo tangu 1964. Bendi yenyewe si ya mchezo. Ilikuwa NUTA Jazz, ya chama cha wafanyakazi, na chama kilipogeuka kuwa JUWATA, nayo ikaitwa JUWATA. Mtindo wake Msondo. Gurumo ndiye aliyekuwa sauti yake. Akatoka na wenzake, Abel Balthazar wa gitaa akiwemo, wakaanzisha Mlimani Park. Bendi ilikuwa chini ya kampuni ya usafiri na teksi, baadaye mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mtindo mpya, Sikinde. Mashabiki wa Msondo walinuna, tena walinuna kwa miongo. Mpaka leo ukienda mjini utamkuta mzee hasalimiani vizuri na jirani yake kwa sababu mmoja ni Msondo na mwenzake Sikinde. Lakini kuna anayesema leo kwamba Gurumo alikosea kuondoka?

MAMA MKUBWA: Mtani umesema vizuri, ila umeruka jambo. Hiyo Sikinde ni ngoma yetu. Msondo nao ni wetu. Hizo ni ngoma za Uzaramo, kabla hujaletwa wewe na treni. Kwa hiyo mnayoiita safari ya kwenda kwingine, kwetu sisi ni mtoto wa Masaki aliyehama chumba ndani ya nyumba ile ile.

MWALIMU: Ndani ya nyumba ile ile, na gitaa la umeme? Na tarumbeta? Mtani, hiyo rumba ilitoka Cuba ikaja kwa santuri za GV tangu miaka ya 1930, na gitaa la dansi likasoma sana kwa Wakongo. Kwetu Tabora Kiko Kids walikuwa wakipiga hayo wakati huku kwenu mnalinda nazi. Mlichotoa ninyi ni jina na mdundo. Vingine vyote viliazimwa. Ndiyo maana nasema, asiyetaka msanii aazime, aanze kwa kuvunja santuri za dansi.

(Nakubaliana na Mwalimu kwa jambo hili, na nadhani linamaliza hoja ya usafi. Muziki wa dansi ulizaliwa umechanganyika. Hata singeli ya Dijei, anayoiona ya mtaani kabisa, imetoka tumboni mwa mchiriku, na mchiriku ni Wazaramo waliobeba ngoma zao wakaziunga na kinanda kidogo cha Casio. Mtu wa Kisarawe anayekataa mchanganyiko atabaki na ukimya.)

DIJEI: Sawa, nafuta neno "usafi". Sikulisema lakini nalifuta. Mimi nina shida nyingine, na ninyi wazee ndio mnaoijua kuliko mimi. Hizi nyimbo za Sikinde zilisikika wapi kwanza?

MWALIMU: Ukumbini.

DIJEI: Kabla ya redio?

MWALIMU: Kabla ya redio. Bendi inapiga kila wiki, mtunzi anakuja na wimbo, wanaufanyia mazoezi, wanaupeleka kwenye dansi. Watu wamelipa mlangoni. Wimbo ukiwa mbovu, wanakwenda kukaa, wanaagiza bia, wanapiga soga. Mtunzi anaona kwa macho yake. Wanarudi mazoezini, wanapunguza huku, wanarefusha kule kwenye mchezo. Ukishaiva ndipo unapelekwa Radio Tanzania kurekodiwa. Kwingine pa kurekodi palikuwa shida. Santuri zilikuwa zinatengenezwa Nairobi, na mwaka 1977 mpaka na Kenya ukafungwa, haukufunguliwa mpaka 1983. Kwa hiyo kipindi chote ambacho Sikinde inazaliwa, kipimo kilikuwa sakafu.

DIJEI: Hapo ndipo ninaposimama. Gurumo alibadili mkondo mbele za watu. Waliona wimbo mmoja, wakaona wa pili, wenye kukaa wakakaa, wenye kucheza wakacheza. Mwaka ukiisha unajikuta umeshakuwa Sikinde bila kujua siku uliyohama. Albamu ya sasa inashuka saa sita usiku kwenye simu, yote kwa mpigo. Imeshapangwa, imeshafungwa, na mgeni wake wa Marekani ameshalipwa. Mimi naulizwa kitu kimoja tu, nipende au nisipende. Ndiyo maana nanuna. Sikuwepo.

Kwa maoni yangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizotolewa mezani, na imetoka kwa mdogo wetu. Tumezoea kudhani msikilizaji anayelalamika ni mvivu wa masikio, anataka wimbo wa jana. Dijei anadai kitu kingine, anadai kiti. Katika dansi msikilizaji alikuwa nacho, kiti chenyewe kikiwa sakafu ya ukumbi. Mabadiliko yalipita kwake kabla ya kupita kwenye mtambo wa kurekodia. Msanii wa leo anabadilika faraghani, studio, na mtayarishaji wake na meneja wake, halafu anatutangazia.

MWANAKWAYA: Naomba nafasi, maana mnakwenda kana kwamba ukumbi ni mahakama ya haki. Remmy Ongala alimwuliza nani?

DIJEI: Dada, Remmy yupi, wa dansi au wa Injili?

MWANAKWAYA: Umeona? Umeshamgawa vipande viwili. Mtu ni mmoja. Kazaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, kaja Dar es Salaam 1978, mwaka huo huo anaoutaja Mwalimu, akaingia Orchestra Makassy, baadaye Super Matimila. Aliwaimbia maskini mpaka Waingereza wakamwita. Songs for the Poor Man ilitoka 1989, Mambo ikatoka 1992, zote chini ya Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Halafu akaugua, akaokoka, akaiacha dansi, akaimba Injili mpaka alipofariki Desemba 2010. Hakuupeleka uamuzi huo ukumbini. Angeupeleka, ukumbi ungemwambia aendelee na yale yale. Kuna mabadiliko ambayo mtu hayapigii kura. Anaitwa, anaitika.

DIJEI: Lakini dada, ukiniambia nipige Remmy, watu wanataka yale ya kwanza.

MWANAKWAYA: Watu wanataka. Yeye alitaka nini?

MAMA MKUBWA: Huyu binti kamshika pabaya.

MWANAKWAYA: Na si Remmy peke yake. Cosmas Chidumule aliyewaimbia Neema pale Mlimani Park naye alikwenda kwenye Injili. Wimbo wa Neema mnaupiga mpaka kesho kwenye kumbi zenu. Mwenyewe ameshaondoka ndani yake, ninyi bado mmekaa. Sasa nani kamwacha nani?

MWALIMU: Swali gumu hilo. Mimi ningejibu kwamba wimbo ukishachezwa na watu si wa mtunzi peke yake. Anaweza kuondoka, hawezi kuondoka nao.

MWANAKWAYA: Na sisi tuliomfuata kwenye Injili, hatuna haki ya kusema Chidumule wetu ndiye huyu?

MWALIMU: Mnayo. Ila msituambie tuzime redio.

(Hapa mazungumzo yalitaka kugeuka ya dini, na Mwalimu, ambaye amekaa kwenye vikao vingi maishani, aliyarudisha kwa ujanja. Nami naongeza moja kumsaidia Mwanakwaya. Remmy huyo huyo alitunga Mambo kwa Soksi, wimbo wa kuwahimiza watu kutumia kondomu zama UKIMWI ulipokuwa haujatajwa waziwazi. Ukumbi uliucheza. Radio Tanzania ikakataa kuurusha. Kwa hiyo hata zama anazozililia Dijei, sakafu ilipiga kura na ofisi ikaitangua. Kulikuwa na kiti cha msikilizaji, na juu yake kulikuwa na kiti kingine kirefu zaidi.)

DIJEI: Basi nipunguze. Sisemi ukumbi ulikuwa mfalme. Nasema ulikuwepo.

MAMA MKUBWA: Ulikuwepo, ndiyo. Sasa niulize mimi nisiyejua muziki. Huo ukumbi ulimlipa nini Gurumo?

Kimya kidogo.

MAMA MKUBWA: Msininyamazie. Yule mzee tumemzika sisi pale Masaki, Aprili 2014. Kaimba zaidi ya miaka 50. Alipostaafu mwaka 2013 kwa ajili ya afya, alisema mbele ya waandishi kwamba muziki haukumpa hata baiskeli. Baiskeli! Mimi na mkaa wangu nimenunua baiskeli mbili. Mnanisifia kwamba watu walikuwa wanamchekia na kumnunia pale sakafuni, wanamwambia punguza hiki, ongeza hiki. Wamemwamulia wimbo, mlango wameulipa, hela imeingia kwa mwenye bendi. Halafu nani kamtoa? Si huyu huyu Naseeb, Diamond wenu mnayemnunia?

MWALIMU: Ni kweli. Mwaka huo huo, 2013, kwenye uzinduzi wa video ya Number One, Diamond alimkabidhi gari.

MAMA MKUBWA: Number One ni wimbo wa aina gani?

DIJEI: (anacheka) Ndio ule ulioanza kumtoa nje ya Bongo Fleva ya kulia. Baadaye akaurudia na Davido wa Naijeria.

MAMA MKUBWA: Basi mwanangu, huko kubadili mkondo unakokununia ndiko kulikolipa lile gari. Ukumbi wako wa haki ulimwacha anatembea kwa miguu.

Hii ni hoja inayouma, na siwezi kuikwepa kwa kuwa nimeshampa Dijei alama zangu hapo juu. Mwanamuziki wa bendi ya umma alikuwa mwajiriwa. Chama au shirika lilimiliki vyombo na lilimlipa mshahara. Faida ya mfumo huo ilikuwa kwamba angeweza kuhudhuria mazoezi kila wiki kwa miaka, na muziki ule uliiva kwa sababu hiyo. Hasara yake ni kwamba hakumiliki kitu. Hata kuhama kwa Gurumo, tunakokuita mageuzi ya sanaa, kulikuwa pia kuhama ajira. Mwaka 1985 alihama tena. Mfanyabiashara Hugo Kisima alimchukua yeye na wenzake wengine wa Mlimani kwenda Orchestra Safari Sound, mtindo Ndekule. Mwajiri yule alipoachana na biashara ya bendi, Gurumo akarejea kule kule alikoanzia, ambako JUWATA ilikuwa inaelekea kuitwa OTTU na hatimaye Msondo Ngoma. Msondo, Sikinde, Ndekule, kisha Msondo tena. Ukiufuata mkondo wa muziki wake, unafuata pia nani alikuwa anatoa mshahara. Sheria ya hakimiliki iliyozaa COSOTA ilipitishwa 1999, wakati nyimbo zake zilizopendwa zaidi zilikuwa zimeshachezwa na kizazi kizima bila hesabu.

Kwa hiyo msikilizaji wa dansi alikuwa na sauti kwa bei ambayo hakuilipa yeye. Hilo halifuti sauti yake. Linamdai tu.

DIJEI: Mama Mkubwa, nimekusikia. Lakini Diamond kumpa mzee gari ni utu wake. Haimaanishi Waka, aliyoimba na Rick Ross, ni wimbo mzuri.

MAMA MKUBWA: Sikusema ni mzuri. Mimi siujui. Nimesema usimwambie mtu mwenye njaa abaki pale pale kwa sababu wewe umepapenda.

MWALIMU: Na hapa nitamsaidia kijana, mtani, usinikasirikie. Kuna kuondoka kwa njaa na kuna kuondoka kwa hesabu. Mwaka 2018 Diamond hakuwa na njaa. Alikuwa na lebo, ana wasanii wake, ana jina Afrika nzima. Kumweka kila mgeni wa Marekani kwenye albamu moja ni kupanga duka, kila rafu na mteja wake. Remmy alipokwenda Real World, bado unamsikia Remmy, gitaa lile lile na maneno yale yale ya watu wa chini. Kwenye A Boy from Tandale kuna nyimbo ambazo ukimtoa mwenye albamu, hazipungukiwi kitu. Hicho mimi nakiita kasoro, na sikisemi kwa sababu amebadilika. Nakisema kwa sababu pale hayupo.

DIJEI: Mwalimu, hilo ndilo nililokuwa nalitafuta tangu mwanzo!

MWALIMU: Ulikuwa unalitafuta Tandale. Mimi nalitafuta kwenye koo lake.

(Kipimo cha Mwalimu nakipenda zaidi ya cha kuhesabu maneno ya Kiingereza. Kwa kipimo hicho African Beauty inapita kwa shida, Iyena inapita bila kuulizwa, na Hallelujah aliyoimba na Morgan Heritage wa Jamaika itatugawa. Mimi naipitisha. Sauti yake ndani ya rege ile inatulia kuliko kwenye nyimbo nyingi za mapenzi alizowahi kutunga.)

MWANAKWAYA: Mmenisahau kwenye hili la ukumbi. Dijei anasema siku hizi hakuna pa kuonjea wimbo. Kaka, wewe unaishi wapi? Kwaya zetu za Maneromango na hata hapa Kibaha zinafanya nini kila Jumapili? Wimbo mpya unaanzia mazoezini Jumatano. Unaimbwa ibadani. Unaimbwa kwenye matamasha ya majimbo, kwenye misiba, kwenye harusi. Usharika ukiupokea, unasikia mabibi wanauitikia kabla hujafika kibwagizo. Usipoupokea, wanakohoa. Studio tunakwenda baadaye sana, fedha zikishachangwa. Hiyo sakafu mnayoililia iko, imehamia kanisani tu.

DIJEI: Hata kwenye kigodoro iko. MC wa singeli anatunga papo hapo, watu wakiguna anabadilisha.

MWALIMU: Basi kilichopotea si sakafu. Ni kwamba msanii mkubwa haji tena kwenye sakafu hizo. Anakuja uwanjani, uwanja umejaa, na wimbo ameshaumaliza mwaka jana.

MAMA MKUBWA: Haya, binti, wewe uliyekuwa mkali. Kwaya yenu iliwahi kubadili mkondo?

MWANAKWAYA: Ilijaribu. Vijana tulileta wimbo wenye gitaa la sebene, mchezo mrefu mwishoni. Tukauimba ibadani. Wazee wa kanisa wakakaa nasi baada ya ibada. Walisema maneno ni mazuri, lakini ule mwisho uachwe.

DIJEI: Mkauacha?

MWANAKWAYA: Ibadani tuliuacha. Kwenye harusi bwana harusi akatuomba tuurudishe. Sasa tuna wimbo mmoja wenye miisho miwili.

DIJEI: Nitumie, niupige Jumamosi.

MWANAKWAYA: Haujarekodiwa, kaka. Tumeshindwa kukubaliana tuurekodi kwa mwisho upi.